Upande wa Kushoto Haulii

Nilipoanza kutafuta hedifoni nzuri, nilikuwa nimeshaamini kwamba sauti ya pili ya kwaya yangu inanifanyia hila.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Nyamwaga, na kwaya ya kanisa letu nimeifundisha tangu watoto wangu wakiwa wadogo. Ninaposimama mbele, sauti ya kwanza wanakuwa mkono wangu wa kulia, sauti ya pili mkono wa kushoto, wanaume nyuma. Mpangilio huo sijawahi kuubadilisha. Sasa ikafika wakati nikawa nasikia wimbo umeegemea upande mmoja, kama mkokoteni uliopasuka gurudumu. Wa kulia wanaimba. Wa kushoto naona midomo inafunguka na kufungwa, lakini kinachonifikia ni kidogo mno. Niliwakemea. Wakasema wanaimba. Niliwakemea tena, wakatazamana, na kule kutazamana ndiko kulikoniumiza. Nikajua wamepanga.

Aliyewaongoza alikuwa mama mmoja mjane, mkulima wa migomba, mwenye sauti nzito na tulivu ambayo zamani nilikuwa naitegemea nikipotea. Jumamosi moja nilisimamisha wimbo katikati, nikamwambia mbele ya wenzake kwamba anachezesha midomo tu, na kwamba kanisani hatuigizi. Hakubisha. Alivua joho la kwaya, akalikunja vizuri, akaliweka kwenye benchi, akatoka. Wenzake walibaki kimya. Na mimi nikakichukua kile kimya chao kuwa ushahidi.

Mke wangu naye anaimba sauti ya pili. Jioni ile alijaribu kuniambia kwamba nimemwonea yule mama, nikamjibu kwamba yeye ni wa upande ule, hawezi kuwa shahidi. Tangu hapo nikawa naona wanawake wakizungumza na mke wangu kisimani, nikikaribia sauti zao zinashuka. Hata ndani ya nyumba nilimwona amezoea kuongea chini chini. Nilipomuuliza anamficha nani, aliendelea kumenya ndizi.

Nikaamua kupata ushahidi ambao hakuna wa kuupinga. Niliazima kinasa sauti kidogo chenye mikrofoni mbili, moja inanasa kulia, nyingine kushoto. Nilikiweka juu ya meza mbele ya kwaya, nikarekodi mazoezi mazima bila kumwambia mtu. Nyumbani nikaihamishia rekodi kwenye simu, nikaisikiliza kwa spika yake, lakini sauti zote zilitoka kwenye kitundu kimoja, haikujulikana ya nani ni ipi. Mwalimu mwenzangu ndiye aliyenieleza kwamba rekodi ya namna ile inataka hedifoni, tena nzuri, zenye kutenganisha pande. Ukivaa, alisema, utasikia kila mtu pale aliposimama.

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye biashara ya kuchagua vyombo vya sauti, nikiwa na moyo wa polisi.

Sikuwa mgeni wa kudanganywa. Baba yangu aliwahi kununua redio mnadani, ikalia njia nzima mpaka mlangoni kwetu, ikanyamaza hapo na haikusema tena maisha yake yote. Alikuwa akitufundisha kwamba muuzaji akikuangalia usoni badala ya kuangalia bidhaa yake, mkimbie. Kwa hiyo nilipokwenda Tarime mjini niliingia duka baada ya duka, nikiwatazama wauzaji macho. Nilipita maduka ya sabufa, yanayofungulia muziki mpaka vioo vya kabati vinatetemeka. Nilijua ule mshindo umewekwa makusudi usiweze kusikia kasoro. Nilipita wale wanaosema kila kitu ni orijino, kwa sababu mtu mwenye orijino kila kitu hana chochote.

Mwishowe nikaingia duka moja dogo karibu na stendi. Mwenyewe alikuwa kijana wa Kiislamu, wa familia iliyotoka pwani zamani ikahamia Tarime, mpole, mwenye kufuta kila kitu kwa kitambaa kabla ya kukupa mkononi. Aliniamkia shikamoo, nikaitika. Nilimwambia nataka hedifoni za kusikilizia kwaya. Akatoa pea moja nyeusi, nyepesi, bila mapambo. Hakuisifia hata kidogo. Alisema tu nivae, nisikilize, kisha niamue. Kutosifia huko kulinitia wasiwasi kuliko kelele za wenzake. Lakini muziki alioniwekea ulisikika safi, na simu yenye rekodi yangu nilikuwa nimeiacha nyumbani. Nikanunua.

Nilipofika nyumbani nilijifungia chumbani, nikavaa, nikafungulia rekodi. Upande wa kulia walikuwepo wote, hata yule anayevuta pumzi kwa nguvu kabla ya kila mstari. Upande wa kushoto, kama hakuna watu. Kwanza nilifurahi, nasema kweli. Nikasema, nimewakamata. Kisha nikakumbuka kwamba mlango wa kanisa uko upande ule ule wa kushoto, na siku ile ulifunguliwa mara mbili kwa kishindo mpaka nikageuka. Kwenye rekodi sikuusikia. Mlango hauwezi kuingia kwenye njama. Basi kesi ya kwaya ingesubiri, tatizo la kwanza ni hedifoni: upande wa kushoto haulii.

Sikumpa mke wangu ajaribu. Ningempaje, naye ni mshtakiwa?

Kesho yake nilirudi dukani. Yule kijana alizivaa, akasikiliza akiwa ameinamisha kichwa, akasema zinalia zote mbili. Akampa mteja aliyekuwa amesimama pale, naye akasema zinalia zote mbili. Niliwatazama, nikaona wanafahamiana. Kijana akafungua pea nyingine mpya mbele yangu, akanivalisha. Kushoto kimya kile kile. Ndipo nikapandisha sauti, nikamwambia kwamba mzigo wake wote ni feki, anawaibia wakulima wa watu. Watu wa stendi walisogea mlangoni. Yule kijana hakunijibu. Alinirudishia pesa yangu, akachukua zile hedifoni, akazifuta kwa kitambaa chake na kuzirudisha kwenye boksi.

Nilisema moyoni, angekuwa msafi angebisha. Nikaitangaza habari hiyo shuleni, nikaitangaza kanisani baada ya ibada, na ninajua iliwafikia watu wa Nyarero na Kemambo, kwa sababu walikuja kuniuliza ni duka lipi hasa.

Jaribio la pili lilikuwa Sirari, mpakani. Huko hakuna anayefuta kitu kwa kitambaa. Muuzaji mmoja mwenye meza barabarani alinishika mkono, akanitolea hedifoni kubwa zenye rangi ya dhahabu.

"Mzee, wewe skiza tu kwanza," alisema. "Hii imetoka Nairobi jana. Shika hapo, si unaskia vile ni nzito?"

Zilikuwa nzito kweli. Waswahili wanasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na methali hiyo niliwahi kuwafundisha watoto darasa la nne. Hata hivyo ule uzito ulinishinda, nikadhani kitu kizito kina vitu ndani.

Kilikuwa na vitu ndani. Nilipozivaa nyumbani na kukuta kushoto haulii kama kawaida, nilichukua kisu kidogo nikazibandua. Kila upande ulikuwa na kipande cha chuma kilichogandishwa kwa gundi, hakikuunganishwa na waya wowote, kazi yake ni kuwa kizito tu. Spika yenyewe ilikuwa ndogo kama kifungo cha koti. Nilivipeleka vile vyuma ofisi ya walimu, vikapita mkono kwa mkono. Sasa nilikuwa na uthibitisho mkononi kwamba dunia inadanganya, na hakuna aliyethubutu kuniambia kwamba vyuma vya Sirari havimhusu kijana wa Tarime.

Nikawa mtaalamu. Watu waliniletea redio zao nizikague kabla hawajalipia. Wazee wa kanisa, walipotaka kununua spika mpya za kanisani, waliniteua mimi nikachague, wakasema mwalimu hadanganyiki.

Wakati huo binti yangu alikuwa amejifungua Mugumu, alikoolewa, na nilikuwa sijamwona mjukuu. Tena nilisikia Mugumu kuna fundi wa redio na spika, mwanamke, ambaye alirithi meza ya baba yake, na kwamba akisema kitu ni kibovu hata mwenye duka hamkatalii. Nilipakia zile hedifoni nilizozibandua, nikachukua na rekodi yangu kwenye simu, nikapanda gari la kupitia Nyamongo.

Nilimkuta asubuhi, amevaa ushungi wa bluu, amekaa nyuma ya meza iliyojaa spika zilizofunguliwa vifua. Alikuwa na umri kama wa dada yangu mdogo. Aliniamkia, akanipa kigoda, nikamweleza kisa chote: kijana wa Tarime, muuzaji wa Sirari, spika za kanisa. Nilimwonyesha vile vyuma. Alivitazama akatikisa kichwa, akasema za namna ile ameziona nyingi. Alipouliza za Tarime zilikuwa za namna gani, nikamweleza, na hapo akavisukuma vile vyuma pembeni.

Ukutani kulikuwa na hedifoni kuukuu, ngozi imechanika, zimefungwa utepe. Alisema zile haziuzi, ndizo anazopimia, kwa sababu anazijua kama anavyojua sauti ya mama yake. Aliniomba nifungulie kitu ninachokijua mimi.

"Usiniwekee muziki wa redio," alisema. "Niwekee kitu ambacho ulikuwepo kikifanyika."

Nikamwekea rekodi ya kwaya. Alisikiliza yeye kwanza, macho amefumba. Kisha akanivalisha.

"Unasikia nini?"

"Sauti ya kwanza."

"Na kushoto?"

"Kushoto haulii. Hata hizi zako ni mbovu, dada yangu."

Hakukasirika. "Mwalimu," alisema, "zigeuze. Ya kulia ivalie kushoto."

Nilizigeuza. Na hapo, kwenye sikio langu la kulia, wakaingia wanawake wa sauti ya pili. Wote. Nilimsikia mke wangu. Nilimsikia yule anayechelewa kidogo kila mara. Nilisikia mlango wa kanisa ukifunguliwa, mara ya kwanza na mara ya pili. Waliimba vizuri, kwa utulivu, wakiwa wamebeba wimbo mzima mgongoni, huku mwalimu wao akiwapigia meza na kuwafokea waongeze sauti. Nilijisikia na mimi nikifoka. Na sauti ya kwanza, waliokuwa wanavuma muda mfupi uliopita, wakatoweka.

Nilizivua nikamwambia amegusa waya. Nasikia aibu kuandika hivi, lakini ndivyo nilivyosema. Nilimwambia nimeuona mkono wake chini ya meza. Aliinua mikono yote miwili juu, akaniambia nigeuze mwenyewe mara nyingi nipendavyo. Niligeuza mara nne. Kisha akatoa saa ndogo ya mezani kutoka kwenye droo, akanipa. Niliiweka sikio la kulia, ikagonga. Nikaiweka la kushoto. Niliikandamiza mpaka sikio likauma. Ilikuwa kama nimeshika saa iliyosimama.

"Si hedifoni, mwalimu," alisema. "Nenda hospitali. Mapema."

Nilipomuuliza anataka kiasi gani kwa kazi yake, alisema hajatengeneza kitu. Nikatoka pale bado namshuku, kwamba fundi asiyetaka malipo ana lake. Njiani kwenda kwa binti yangu simu yangu iliita, nikaiinua sikio la kulia. Nikasimama katikati ya barabara. Sikumbuki ni lini mara ya mwisho niliiweka simu kushoto.

Hospitali walinisafisha uchafu uliokuwa umeziba, kukawa na nafuu kidogo, halafu wakanipima zaidi na kunieleza kwamba kilichobaki ni cha ndani, mshipa umechoka, usikivu hautarudi wote. Sababu hawakuijua. Nilimtazama daktari kama nilivyokuwa nawatazama wauza sabufa, nikamwomba arudie kipimo. Akarudia. Majibu yakawa yale yale.

Nilipomweleza mke wangu hakushangaa. Alikuwa anapepeta mahindi, nami nimekaa, kwa kubahatisha, upande ambao namsikia.

"Nilikuambia mara tatu kwamba husikii," alisema. "Ukasema ninanung'unika."

"Mbona hukunishika mkono ukanipeleka hospitali?"

"Ungesema nataka kukuua."

Na pengine ningesema hivyo. Alinieleza kwamba kwa zaidi ya mwaka amekuwa akihakikisha anatembea upande wangu wa kulia tukienda shambani, na kwamba wale wanawake kisimani walikuwa wanamuuliza mume wake ana tatizo gani. Walishusha sauti nilipokaribia kwa sababu walikuwa wananizungumzia kweli. Hapo tu sikukosea.

Jumapili iliyofuata niliomba nafasi baada ya matangazo. Nilisimama nikasema kwamba sikio langu la kushoto halisikii vizuri, kwamba kwa muda mrefu nimewaonea watu wa sauti ya pili, na kwamba duka nililolichafua Tarime halikuniuzia kitu kibaya. Nilidhani watu watacheka. Hawakucheka. Mzee mmoja alikohoa, wimbo wa sadaka ukaanza.

Kwa yule mama mjane nilikwenda mwenyewe, nikamkuta anakata majani makavu ya migomba. Alikuwa ameshahamia kusali kanisa jingine, ng'ambo ya kilima, na anaimba huko. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, kwa sababu hakuniambia nikae. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekusamehe, mwalimu," alisema. "Lakini kule niliko wananisikia."

Akarudi kwenye migomba yake. Nilimsubiri kidogo nikidhani atasema jingine, kisha nikaondoka. Kwaya yangu mpaka leo haijapata sauti ya namna ile.

Lililobaki lilikuwa Tarime. Niliahirisha wiki mbili kwa visingizio, mara mvua, mara mitihani. Nilipoingia dukani yule kijana aliniamkia shikamoo, lakini hakusimama kama siku ya kwanza. Niliomba radhi. Alisema sawa, kwa sauti ya mtu anayengoja uondoke. Kisha akaniambia kwamba siku ile mlango ulijaa watu na leo tupo wawili tu, na kwamba kuna wateja wa Nyamwaga waliokuwa wakinunua kwake ambao tangu hapo wanapita mbele ya duka wakiangalia upande mwingine. Nilimwambia nimeshasema kanisani. Akasema yeye hasali kule.

Nikatoka nje nikawaita wawili niliowakuta, mwendesha bodaboda na mama muuza karanga, ambao siku ile walikuwepo mlangoni. Nikasema mbele yao kwamba nilimsingizia huyu mtu, na kwamba kosa lilikuwa kichwani kwangu, hapa, nikajigusa sikio. Mama wa karanga aliniuliza kama linauma. Nikamwambia haliumi.

Nilimwomba kijana aniuzie zile zile nyeusi nyepesi. Alizileta, akazifuta. Lakini kabla ya kunipa alimvalisha mwendesha bodaboda, akamuuliza kulia, akamuuliza kushoto. Akamvalisha na mama wa karanga, juu ya kilemba, akamuuliza vile vile. Ndipo akaandika kwenye risiti, polepole, kwamba zimejaribiwa mbele ya mashahidi, pande zote mbili zinalia, na mteja amekubali. Akanigeuzia niweke saini. Nilisoma mara mbili nikitafuta mtego, sikuuona, nikasaini. Akanionyesha na mahali kwenye simu pa kuchanganya pande zote mbili ziingie sikio moja, ili nisipoteze nusu ya watu, na alifanya hivyo bila kunitazama.

Spika za kanisa tulizinunua kwake pia, mwezi uliofuata. Niliwaambia wazee kwamba mimi sifai kuchagua peke yangu, wakamteua mke wangu. Alisimama katikati ya duka akisikiliza, akaenda nyuma, akaja mbele, akamwambia kijana abadilishe moja kwa sababu inakwaruza. Nilikuwa na hakika haikwaruzi. Kijana aliitegea sikio kwa makini, akasema mama yuko sahihi, akaenda kuleta nyingine.

Nilimtazama yeye, nikamtazama mke wangu. Nikajiuliza wamejuana lini.